Scheele: Mwanagenzi wa duka la dawa aliyeonja kila kitu

Fungua kabati ya bafu nyumbani kwenu. Hapo nyuma ya dawa ya meno na ile losheni ya dadako, huenda ukakuta kichupa cha glisarini. Inauzwa sana Julai, baridi ya Nairobi ikianza kupasua midomo na visigino. Ni nzito, haina rangi, na ladha yake ni tamu. (Usiilambe lakini. Ukisoma mbele utaona kulamba vitu ovyo si mchezo.)

Sasa nikuambie. Kimiminika hichohicho ndicho kiliwafungulia wanasayansi mlango wa kugandisha seli hai bila kuziua, na hadi leo kinatumika katika maabara zinazotafuta njia ya kuhifadhi viungo vya mwili kwa ajili ya kupandikizwa. Aliyekigundua hakuwa profesa. Alikuwa mfanyakazi wa duka la dawa, hakuwahi kusomea chuo kikuu hata siku moja, na alifariki akiwa na miaka 43. Jina lake Carl Wilhelm Scheele.

Alizaliwa tarehe 9 Desemba 1742 mjini Stralsund, pwani ya bahari ya Baltiki. Leo mji huo uko Ujerumani, lakini enzi hizo ulitawaliwa na Uswidi, kwa hivyo nchi zote mbili humdai kuwa wao. Alikuwa mtoto wa saba kati ya 11. Babake alikuwa mfanyabiashara, na biashara ikaanguka Carl akiwa bado mdogo. Piga hesabu mwenyewe: watoto 11, baba amefilisika. Chuo kikuu kilikuwa cha watoto wa wenye nazo.

Ila nyumbani kwao walikuwa wakija marafiki wa familia, madaktari na wauza dawa, na hao ndio walimfundisha kijana kusoma maagizo ya dawa na zile alama za siri ambazo wanakemia wa zamani walitumia kuandika majina ya vitu. Akiwa na miaka 14 akavuka bahari hadi Gothenburg, Uswidi, kuwa mwanagenzi katika duka la dawa la Martin Bauch. Kaka yake mkubwa alikuwa amepitia dukani humo kabla yake.

Usifikirie duka la dawa la leo, lile la kununua Panadol na kurudishiwa chenji. Wakati huo mfamasia alitengeneza dawa zake mwenyewe. Alisaga mawe, akachemsha mizizi, akayeyusha chumvi, akachanganya mafuta na madini. Kwa ufupi, duka lilikuwa maabara yenye mlango wa wateja. Kijana aliyekuwa na kiu alikuwa na kila kitu: tanuri, chupa, mizani, na rafu zilizojaa vitu vya kuchezea. Mchana Scheele alihudumia wateja. Usiku alisoma vitabu vya kemia vya bosi wake na kurudia majaribio yote yaliyoandikwa humo, moja baada ya lingine, aone kama mwandishi alisema kweli.

Miaka minane ikapita hivyo. Mnamo 1765 Bauch aliuza duka, na Scheele akahamia Malmö kwa mfamasia mwingine. Mwaka wa 1768 akaenda Stockholm. Mwaka wa 1770 akafika Uppsala, mji wa chuo kikuu kikongwe cha Uswidi. Tazama maajabu ya dunia: amefika mji wa wasomi, lakini bado yuko nyuma ya kaunta.

Hapo Uppsala ndipo bahati ilipomtembelea, na ilikuja kwa sura ya malalamiko ya mteja. Torbern Bergman, profesa wa kemia na mtu mwenye jina kubwa Ulaya, alikuwa amenunua shura kutoka duka hilo. Alipoipasha moto kisha akaitia asidi, ulitoka moshi mwekundu ambao haukutarajiwa. Profesa akaona ameuziwa bidhaa mbovu. Habari zikamfikia Scheele kupitia kwa Johan Gottlieb Gahn, kijana mwingine mwanasayansi, na Scheele akaeleza kwa utulivu kwamba shura haikuwa na kasoro yoyote. Moto ndio uliigeuza kuwa chumvi nyingine, na chumvi hiyo ndiyo iliyotoa moshi. Profesa hakuwa amelijua hilo. Muuza duka alilijua, kwa sababu alikuwa amelijaribu.

Bergman naye hakununa, na kwa hilo nampa heko. Wangapi ungewatajia kosa lao ukiwa umevaa aproni ya duka wakakusikiliza? Wakawa marafiki, na milango ikaanza kufunguka. Tarehe 4 Februari 1775, Scheele alichaguliwa kuwa mwanachama wa Akademia ya Sayansi ya Uswidi. Bado alikuwa mfanyakazi wa duka, mtihani wa kuwa mfamasia kamili hata hajaufanya.

Nami niliacha chuo muhula wa nne, karo ilipokataa kukutana na tarehe ya mwisho, kwa hivyo sitajifanya kwamba simpendelei huyu jamaa. Lakini ngoja kabla hujampelekea mamako makala haya kama ushahidi. Scheele alikosa chuo, hakukosa kusoma. Miaka 13 ya kurudia majaribio usiku ni shule, tena isiyo na likizo.

Mwaka huohuo wa 1775 alihamia Köping, mji mdogo, kusimamia duka la dawa la marehemu Pohl kwa niaba ya mjane wake, Sara Margaretha. Kukawa na mvutano kidogo juu ya nani atalinunua, lakini mwishowe likawa lake. Wakuu wa sayansi walimtaka miji mikubwa na hakwenda. Alibaki Köping hadi kifo, akiuza dawa na kufanya majaribio.

Orodha ya mambo aliyoyagundua inachosha, kwa hivyo nitachukua yale ambayo wewe umekutana nayo. Ile harufu kali ya Jik inayokuchoma pua ukifua shati jeupe inatokana na klorini, na Scheele ndiye wa kwanza kuitoa gesi hiyo na kuieleza, mwaka wa 1774. Aliona inang'oa rangi kwenye maua na majani. Uchachu wa maziwa lala ni asidi ya laktiki: aliitenga mwaka wa 1780 kutoka maziwa yaliyoganda. Uchachu wa ndimu, yaani asidi ya sitriki, aliupata kama fuwele mwaka wa 1784. Na ile asidi ya yuriki ambayo daktari humtajia mjomba wako nyama choma ikishamvimbisha kidole cha mguu? Scheele, 1776, kutoka kwa mawe yanayoota katika njia ya mkojo.

Halafu kuna oksijeni. Hapa ndipo watu humuonea huruma. Scheele aliipata gesi hiyo takriban 1771 hadi 1772, kwa kupasha moto zebaki iliyooksidika, shura na vitu vingine, akaiita hewa ya moto kwa sababu mshumaa uliwaka ndani yake kwa fujo. Muingereza Joseph Priestley aliipata Agosti 1774, miaka miwili hivi baadaye, lakini akawahi kuchapisha. Kitabu cha Scheele kilicheleweshwa na mchapishaji, kikasubiri pia dibaji ya Bergman, na hakikutoka hadi 1777. Tarehe 30 Septemba 1774 alikuwa amemwandikia barua Mfaransa Antoine Lavoisier akimweleza jinsi ya kuipata gesi hiyo. Lavoisier ndiye aliyekuja kuipa jina tunalotumia leo. Kumshukuru Scheele hadharani, zii.

Tuwe wakweli pia: Scheele mwenyewe hakuelewa kikamilifu alichokishika. Alikufa akiamini nadharia ya zamani kwamba kitu kinachoungua hutoa kiini fulani cha moto, nadharia ambayo Lavoisier aliivunjavunja. Mikono yake ilikuwa mbele ya fikra za wakati wake, na wakati mwingine mbele ya fikra zake mwenyewe.

Mikono, na ulimi. Wakati huo hakukuwa na mashine ya kukuambia umetengeneza nini. Mwanakemia aliangalia rangi, akanusa, akaonja. Scheele alionja karibu kila kitu. Mwaka wa 1782 akichunguza rangi ya buluu ya wachoraji alitoa humo asidi ya sianidi, sumu inayoua mtu kwa dakika, na katika maelezo yake akaandika ladha yake. Soma tena sentensi hiyo. Alifanya kazi na aseniki, na zebaki, na klorini, miaka nenda miaka rudi, bila barakoa wala glavu. Leo mwanafunzi wa kidato cha pili akifanya hivyo maabara hufungwa na mzazi huitwa.

Lakini ulimi huohuo ndio uliotupatia glisarini.

Kulikuwa na bandiko la dawa ambalo kila mfamasia wa Ulaya alijua kulipika. Unachukua mafuta ya zeituni, unatia unga wa oksidi ya risasi, unaongeza maji, unachemsha huku ukikoroga. Vinashikana kuwa kitu kama gundi, unakipaka kwenye kitambaa na kukibandika kwenye kidonda. Walikuwa wamelipika kwa karne nyingi. Maji yaliyobaki chini ya sufuria yalikuwa taka, yanamwagwa.

Scheele hakuyamwaga. Aliyachemsha yakapungua, yakawa mazito kama sharubati, akaonja. Yalikuwa matamu. Kwa mtu wa kawaida kitu kitamu ni sukari, kwisha maneno. Yeye akajaribu kukigandisha kiwe fuwele kama sukari, kikakataa. Akajaribu kukichachusha kama sukari inavyochachuka kuwa pombe, kikakataa tena. Akabadilisha mafuta, akatumia ya aina nyingine, hata mafuta ya wanyama, na ule utamu ukazidi kujitokeza. Akahitimisha kwamba ndani ya mafuta yote kuna kitu kitamu kilichofichwa, na mwaka wa 1783 akakichapisha. Baadaye Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyechambua mafuta kwa undani, ndiye aliyekipa jina la glisarini, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya utamu.

Kilitumika kwenye ngozi, kwenye sabuni, kwenye baruti za Alfred Nobel. Lakini kazi yake kubwa kwa uhai ilisubiri miaka 166.

Sikiliza tatizo lilivyo. Mwili wako kwa sehemu kubwa ni maji, na maji yakiganda hujipanga kuwa fuwele. Ukigandisha kipande cha nyama hai, barafu huanza kujijenga nje ya seli na kuyavuta maji kutoka ndani. Seli husinyaa, chumvi iliyobaki inakuwa kali kupita kiasi, na fuwele zenyewe hutoboa na kukandamiza. Ukiyeyusha, unapata uji. Ndiyo maana nyanya ukiiweka kwenye friza hutoka ikiwa tepetepe.

London, kitongoji cha Mill Hill, mwishoni mwa miaka ya 1940. Wanasayansi watatu, Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes, walikuwa wakijaribu kugandisha mbegu za jogoo kwa kutumia maji ya sukari ya matunda. Hazikupona. Wakaweka chupa zao kwenye chumba cha baridi, na waliporudi kuzitumia baada ya miezi, moja ikafanya maajabu: mbegu ziliyeyuka na kuanza kuogelea. Wakatengeneza sukari mpya, ikafeli. Chupa ya zamani, inafanya. Chupa mpya, haifanyi. Ikabidi kile kilichobaki kwenye chupa kipelekwe kwa mwanakemia akipime. Hakikuwa na sukari hata kidogo. Lebo zilikuwa zimechanganyika. Ndani mlikuwa na glisarini na protini ya yai, mchanganyiko wa kubandikia vipande vya tishu kwenye vioo vya hadubini. Walichapisha mwaka wa 1949.

Kwa nini inafanya kazi? Molekuli ya glisarini ni ndogo, inaweza kupenya ndani ya seli, na ina mikono mitatu ya kushikana na maji. Maji yaliyoshikwa hivyo hayapati nafasi ya kujipanga kuwa fuwele kirahisi, na chumvi haikolei haraka. Vyura wa miti wa kijivu wa Amerika Kaskazini wamekuwa wakiutumia ujanja huu bila kuuliza mtu: msimu wa baridi ukifika hutengeneza glisarini mwilini, huganda nusu nzima, na majira yakibadilika hurukaruka kama kawaida.

Baada ya 1949 milango ikafunguka kwa fujo. Seli nyekundu za damu zikagandishwa kwa glisarini. Mbegu za fahali pia. Yule daktari wa ng'ombe anayefika kwa shosho yako Githunguri akiwa na mtungi unaofuka moshi mweupe kwenye pikipiki anabeba kazi hiyo: mbegu zilizolindwa kwa glisarini, ndani ya naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri.

Kiungo kizima ndicho kigumu. Mbegu ni seli moja moja, unaitumbukiza kwenye dawa na dawa inaingia. Figo ina aina nyingi za seli, mishipa myembamba na vichujio, na kila sehemu hunywa dawa kwa mwendo wake. Ukitia dawa kidogo, barafu inashinda. Ukitia nyingi, dawa yenyewe inakuwa sumu. Basi kazi kubwa ya wanakemia imekuwa kutafuta vipimo: changanya hiki na kile, punguza sumu, pandisha ulinzi, jaribu tena. Na hata ukifaulu kuipoza figo hadi igeuke kama kioo bila fuwele, bado kuna kuipasha joto. Ikipata joto upande mmoja kabla ya mwingine, inapasuka kama glasi baridi iliyotiwa chai moto.

Zimepigwa hatua. Mwaka wa 2019, watafiti wa Boston waliyaweka maini ya binadamu katika nyuzi 4 chini ya sifuri bila kuganda, kwa msaada wa glisarini na sukari moja inayoitwa trehalosi, wakafikisha saa 27 nje ya mwili. Hayo maini hayakupandikizwa kwa mtu, yalikuwa ya utafiti. Mwaka wa 2023, Chuo Kikuu cha Minnesota kiligeuza figo za panya kuwa kioo kwa kutumia mchanganyiko wa dawa nyingine za jamii hiyo, wakazihifadhi hadi siku 100, wakazipasha kwa chembe ndogondogo za chuma na mawimbi ya sumaku, kisha wakazirudisha kwa panya. Panya waliishi kwa figo hizo. Hospitalini bado haijafika.

Jua kwa nini inauma. Moyo uliotolewa ukiwekwa kwenye barafu ya kawaida una saa 4 hadi 6 hivi. Figo inaweza kuvumilia siku moja, siku moja na nusu. Zaidi ya hapo ni kucheza kamari. Hapa Kenya figo zinazopandikizwa hutoka kwa watu walio hai, mara nyingi ndugu au mzazi, anayelazwa kitanda cha karibu na mgonjwa. Hakuna ghala la figo la kukimbilia popote duniani. Kama unaye mtu anayekwenda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, unajua saa hizo zinahesabiwaje.

Nilimwacha Scheele akiwa hai, mwaka wa 1783, na sufuria yake ya mafuta. Alikuwa amefanya mtihani wake wa ufamasia Novemba 1777 na kuupita vizuri sana, katika safari hiyohiyo ya Stockholm aliyohudhuria kikao cha Akademia kwa mara yake ya pekee. Kisha akarudi Köping kwenye kaunta. Hakuwa mtu wa hotuba. Maandishi yake aliyaandika kwa Kijerumani, lugha ya mamake, na wengine wakayatafsiri kwa Kiswidi ndipo yachapishwe, kwa sababu miaka yote hiyo ya kuishi Uswidi hakuwahi kustarehe kukiandika.

Kuelekea mwisho wa 1785 akaanza kuugua. Dalili zilizoandikwa ni za ugonjwa wa figo, na mwanzoni mwa 1786 ukaongezeka ugonjwa wa ngozi. Wengi wanaoandika habari zake huamini ni malipo ya sumu alizozinusa na kuzilamba miaka yote ile, na mimi naona ni vigumu kuamini vinginevyo. Dawa ya kumtibu haikuwepo kwenye rafu zake wala za mtu yeyote.

Alijua anakwenda. Sara Margaretha, yule mjane aliyemkabidhi duka miaka 11 iliyopita, alikuwa bado yuko pale Köping. Scheele akifa bila mke, duka lingekuwa la watu wengine. Kwa hivyo tarehe 19 Mei 1786, akiwa hoi kitandani, alimuoa, ili duka na mali vibaki kwake bila ubishi. Alifariki siku mbili baadaye.